Kaka alikuwa ameshapona korona. Bonge la damu lilitoka wapi?

*Swali: Shikamoo daktari. Kaka yangu ni dereva wa lori, safari zake ni Dar kwenda Tunduma na kuvuka Zambia. Mwanzoni mwa Julai 2021, akiwa na miaka 46, aliumwa korona. Hakulazwa, alijiuguza nyumbani, akajifukiza, homa ikaisha. Wiki ya pili, tumeshaanza kumshukuru Mungu, mguu wa kushoto ukavimba. Baada ya siku mbili akaanguka bafuni, pumzi hakuna. Hospitali ya rufaa walisema ana bonge la damu kwenye mapafu. Alipona, akatumia rivaroksabani kwa miezi mitatu, ila mpaka leo akipanda ngazi anahema kuliko zamani. Ugonjwa wa kifua unagandishaje damu? Na kwa nini ilikuwa baada ya kupona? Mama tangu hapo anameza aspirini ndogo kila siku pamoja na kitunguu saumu, anasema anazuia damu isigande. Na mimi nilichanja ile chanjo ya sindano moja mwishoni mwa mwaka huohuo. Majirani wanasema hiyo ndiyo inayogandisha damu, na kwamba hata kaka ilimpata kwa njia hiyo. Tushike lipi?*

Marahaba, dada. Poleni kwa yaliyowapata, na mlifanya la maana kumfikisha hospitali siku ileile, maana bonge la kwenye mapafu halisubiri mtu.

Kuna jambo moja ambalo likieleweka, maswali yako mengine yanajibika kwa urahisi. Kirusi cha korona hakigandishi damu kwa kuigusa tu. Kinachoigandisha zaidi ni mwili wenyewe. Kirusi kinajeruhi ukuta wa mshipa, kinga inakuja kupambana, na kuganda kwa damu ni mojawapo ya silaha kongwe za kinga hiyo. Kwa kaka yako silaha ilitumika kupita kiasi, na ikaendelea kutumika wakati adui alikuwa ameshaanza kuondoka.

Damu ina kazi mbili zinazopingana. Ndani ya mshipa mzima inatakiwa itiririke bila kukwama. Mshipa ukikatika inatakiwa igande ndani ya dakika chache. Anayeamua lipi lifanyike ni tabaka jembamba la seli lililotanda ndani ya kila mshipa, kuanzia mshipa mkuu unaotoka moyoni mpaka vile vishipa vya kwenye mapafu ambamo chembe nyekundu hupita kwa foleni, mojamoja. Tabaka hilo likiwa na afya, linatoa gesi iitwayo naitriki oksaidi na kemikali nyingine zinazozuia chembe sahani, yaani vile vichembe vya damu vinavyoziba jeraha, zisinate. Likijeruhiwa linageuka. Linapunguza kemikali hizo, kisha linamwaga protini ndefu iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake, iitwayo von Willebrand, na chembe sahani zikipita zinanasa hapo. Wakati huohuo fibrinojeni, protini nyingine iliyoyeyuka ndani ya damu, inageuzwa kuwa nyuzi za fibrini. Nyuzi hizo, chembe sahani, na chembe nyekundu zilizokwama katikati yake ndiyo bonge lenyewe.

Sasa tuje kwenye korona. Kirusi chake huingia kwenye seli kwa kushika kipokezi kiitwacho ACE2, na seli zenye kipokezi hicho zipo njia nzima ya hewa, kuanzia puani mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Nyuma tu ya kila kifuko kuna kishipa cha damu. Ukuta unaotenganisha hewa na damu pale, kwa sehemu kubwa, haufiki unene wa elfu moja ya milimita. Kwa hiyo usishangae ugonjwa ulioanza kwa mafua na kikohozi ukiishia kwenye damu. Katika mapafu hewa na damu ni majirani wa ukuta mmoja. Seli za kifuko zikiungua, tabaka la ndani la kishipa cha jirani linaungua nalo.

Kinga ikifika inaongeza mambo yake. Kuna chembe nyeupe ziitwazo neutrofili ambazo, zikikabiliwa na adui mgumu, hupasuka na kutupa nje nyuzi za DNA zao wenyewe zitumike kama wavu. Wavu huo unanasa vimelea, lakini unanasa pia chembe sahani, na fibrini inajijenga juu yake. Chembe nyeupe za aina nyingine zinavaa protini inayowasha mfululizo mzima wa kuganda. Ini nalo, kwa amri ya kemikali za kinga, linazalisha fibrinojeni kwa wingi: kiwango cha kawaida ni gramu 2 mpaka 4 kwa lita ya damu, na wagonjwa mahututi wa korona wengi walikuwa wanapita 5, wengine 7. Ni sawa na sungusungu wanaofunga kila njia ya mtaa ili kumkamata mwizi mmoja. Njia moja ikifungwa, sawa. Zikifungwa zote, hata gari la wagonjwa halipiti.

Na kuna safu nyingine juu ya hiyo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipima wagonjwa 172 waliolazwa kwa korona, wakakuta asilimia 52 wana kingamwili za aina inayoshambulia mafuta ya ukuta wa seli na protini zinazoshikamana nayo. Kingamwili hizo tunazijua siku nyingi. Ndizo zinazowaletea baadhi ya wanawake mabonge ya damu na mimba kuharibika mara kwa mara. Walipowadunga panya kingamwili kutoka kwa wagonjwa hao, damu ya panya iliganda haraka zaidi. Mwaka 2024 kundi jingine la watafiti, la San Francisco, lilionyesha kwamba ile miiba ya nje ya kirusi inashikamana na fibrinojeni moja kwa moja, na bonge linalotokea linakuwa gumu zaidi kuyeyuka na linachokoza kinga upya. Hivyo moto wa kinga unaanzisha bonge, na bonge linaongeza moto.

Mambo haya hayakutoka kwenye nadharia. Yalianzia kwenye meza za kuchunguzia maiti. Mwanzoni mwa 2020 nchi nyingi zilisita kupasua miili ya waliokufa kwa korona kwa kuogopa maambukizi. Mji wa Hamburg, Ujerumani, uliagiza wachunguzwe. Katika miili 12 ya kwanza, 7 ilikutwa na mabonge kwenye mishipa mikubwa ya miguu, na hakuna daktari aliyekuwa ameyashuku wakati watu hao wako hai. Wanne kati yao ndilo lililowaua: bonge liling'oka mguuni likaziba mapafu. Mwaka huohuo wachunguzi wengine walilinganisha mapafu ya watu 7 waliokufa kwa korona na ya 7 waliokufa kwa mafua makali ya influenza. Vibonge vidogo ndani ya vishipa vya vifuko vya hewa vilikuwa vingi mara 9 zaidi kwa waliokufa kwa korona. Mimi nikiulizwa ni utafiti gani mmoja ulibadilisha namna tulivyouelewa ugonjwa huu, nitautaja huo wa mapafu. Nayo Uholanzi, katika wagonjwa 184 wa vyumba vya mahututi, asilimia 31 walipata matatizo ya kuganda kwa damu ingawa wote walikuwa wanapewa dawa ya kuzuia damu isigande, angalau kwa kiwango cha kawaida.

Turudi kwa kaka. Katikati ya karne ya 19 daktari Rudolf Virchow, Mjerumani, aliandika kuhusu mabonge yanayosafiri kutoka miguuni kwenda kwenye mapafu, na mpaka leo tunafundisha mambo matatu kwa jina lake: mshipa umejeruhiwa, damu imetulia mahali pamoja, na damu yenyewe imekuwa nyepesi kuganda kuliko kawaida. Kaka yako alikuwa nayo yote. Mishipa ilijeruhiwa na ugonjwa. Damu ilijaa fibrinojeni. Na mtu aliyezoea kushinda kwenye usukani, safari hii alishinda kitandani, homa inamkausha maji, kujifukiza kunamtoa jasho zaidi. Damu ya miguu hairudishwi juu na moyo peke yake. Inasukumwa na misuli ya shavu la mguu kila unapopiga hatua. Usipotembea, inakaa. Bonge lilianzia kwenye mshipa wa mguu wa kushoto, na ndiyo maana mguu mmoja ndio uliovimba. Siku mbili baadaye kipande kiling'oka, kikapita upande wa kulia wa moyo, kikakwama kwenye mshipa wa mapafu. Moyo ukawa unasukuma dhidi ya mlango uliofungwa, ndipo akaanguka.

Kwa nini baada ya kupona? Kwa sababu homa na kuganda kwa damu havina ratiba moja. Kirusi huongezeka sana siku za mwanzo. Mapambano ya kinga hupamba moto wiki ya pili, wakati mgonjwa anadhani amevuka. Ukuta wa mshipa nao unachukua wiki nyingi kurudi katika hali yake. Watafiti wa Sweden waliwafuatilia zaidi ya watu milioni moja waliothibitika kuwa na korona, wakawalinganisha na watu wasioambukizwa wa umri na jinsia hiyohiyo. Hatari ya bonge la mguuni ilibaki juu kwa miezi 3, ya bonge la mapafuni kwa miezi 6. Katika siku 30 za kwanza, bonge la mapafuni lilikuwa na uwezekano wa mara 33 zaidi.

Hapo nikusimamishe kidogo, maana namba ya namna hiyo ndiyo inayosambazwa WhatsApp bila mwenzake. Mara 33 ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo. Katika utafiti huohuo waliopata bonge la mapafuni walikuwa kama 17 katika kila watu 10,000 walioambukizwa, na walioumwa sana ndio waliobeba sehemu kubwa ya hatari. Aidha wimbi la kwanza lilikuwa baya kuliko yaliyofuata. Kwa hiyo si kila aliyeugua korona anatembea na bonge. Anayestahili kuangaliwa kwa jicho la karibu ni aliyelazwa, mnene, mwenye umri mkubwa, aliyewahi kuganda damu kabla, mwenye saratani, mwenye selimundu, mjamzito au aliyejifungua ndani ya wiki 6, na mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni.

Na dalili zenyewe azijue kila mtu nyumbani: mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa shavu la mguu, pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma unapovuta hewa, kukohoa damu, moyo kwenda mbio bila sababu, kuzimia. Mdomo kupinda au mkono kulegea ni kiharusi, nacho kinaweza kutoka katika chanzo hikihiki. Mguu uliovimba usichuliwe. Nasisitiza hilo kwa sababu jambo la kwanza tunalofanya kwetu mguu ukiuma ni kuita mtu na mafuta ya moto, na kuchua huko kunaweza kuling'oa bonge likasafiri mpaka kwenye mapafu.

Huenda mtu ameshakwambia habari za kipimo cha D-dimeri. Ni vipande vinavyobaki fibrini ikivunjwavunjwa, hivyo kikiwa chini sana, kwa mtu ambaye dalili zake si nzito, daktari anaweza kuliondoa wazo la bonge. Kikiwa juu peke yake hakithibitishi kitu. Maambukizi, mimba, upasuaji na uzee navyo hukipandisha. Watu waliokuwa wanakimbilia maabara binafsi kupima D-dimeri wakiwa hawana dalili yoyote walijinunulia wasiwasi. Bonge la mguu huonekana kwa altrasaundi ya mishipa, la mapafuni kwa CT skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa.

Dawa sasa. Rivaroksabani aliyopewa kaka haiyeyushi bonge. Inazuia lisikue wala lisizaliwe jingine, na mwili wenyewe, kwa kimeng'enya kiitwacho plazmini, unaliyeyusha polepole. Miezi 3 ni muda wa kawaida kwa bonge lililokuwa na sababu inayojulikana na iliyopita. Heparini, dawa ya sindano ya kuzuia kuganda, ndiyo iliyojaribiwa zaidi hospitalini, na matokeo yake yanafundisha. Majaribio makubwa ya kimataifa yaliyotangazwa 2021 yaliwagawa wagonjwa makundi mawili. Kwa waliolazwa lakini hawajawa mahututi, watu 2,219, dozi kamili ya heparini iliongeza waliotoka hospitali bila kuhitaji mashine kutoka asilimia 76.4 hadi 80.2. Kwa waliokuwa tayari mahututi, watu 1,098, dozi hiyohiyo haikuleta faida. Bonge likishazagaa kwenye vishipa elfu moja vya mapafu, kuzuia kuganda kumechelewa. Na kwa wanaougulia nyumbani kwa dalili za kawaida, jaribio la Marekani lililowapa aspirini au apiksabani, kidonge cha jamii ya rivaroksabani, lilisimamishwa mapema kwa sababu mabonge yalikuwa machache mno kiasi kwamba hapakuwa na cha kuzuia.

Hapo ndipo aspirini ya mama inapoingia. Aspirini inalegeza chembe sahani. Mabonge ya aina iliyompata kaka yanategemea zaidi nyuzi za fibrini. Jaribio la RECOVERY, lililoongozwa kutoka Oxford, liliwapima wagonjwa 14,892 waliolazwa kwa korona. Waliopewa aspirini walikufa asilimia 17, wasiopewa asilimia 17. Katika kila watu 1,000 waliotumia, wapatao 6 waliepuka bonge, na wapatao 6 wengine walipata kutokwa damu kwingi. Hao walikuwa wagonjwa waliolazwa. Mama yako haumwi korona. Kama aliandikiwa na daktari kwa sababu ya moyo au kiharusi cha zamani, asiiache. Kama alianza mwenyewe baada ya kaka kuugua, anabeba hatari ya vidonda vya tumbo na kutokwa damu bila kupata kitu, na ningependa aende kliniki apimwe presha na sukari, kisha aache kwa ushauri wao. Kwa anayeishi Dar kuna sababu ya ziada: dengi ilitusumbua 2014 na tena 2019, na mtu mwenye dengi akimeza aspirini anaweza kuvuja damu vibaya.

Kitunguu saumu akile kwenye mchuzi, hakina neno. Kwa kiwango cha chakula hakizuii bonge. Anayetakiwa kuwa mwangalifu ni mtu anayetumia warfarini, dawa ya zamani ya kuzuia kuganda: kwake dozi kubwa za kitunguu saumu na tangawizi zinaweza kuongeza kuvuja damu, na kubadilisha ghafla kiasi cha mchicha, kisamvu au sukuma wiki kunavuruga dawa, kwa kuwa mboga hizo zina vitamini K. Rifampisini ya kifua kikuu nayo hupunguza nguvu ya warfarini na ya rivaroksabani pia. Mgonjwa ataje dawa zake zote, hata za kienyeji, kabla ya kuandikiwa.

Chanjo. Majirani hawajatunga kila kitu. Machi 2021 madaktari wa Ujerumani na Norway walieleza ugonjwa nadra baada ya chanjo ya AstraZeneca: mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya protini ya chembe sahani iitwayo PF4, chembe sahani zinapungua huku damu inaganda, mara nyingi kwenye mishipa ya ubongo. Chanjo ya Janssen ya sindano moja, unayoizungumzia, ilikutwa na tatizo hilohilo, kwa Marekani takriban watu 4 katika kila dozi milioni. Ni ugonjwa mkali na baadhi walikufa, hivyo sipendi kusikia ukifanyiwa mzaha au kufichwa. Lakini unatokea ndani ya muda maalumu, kwa kawaida kati ya siku ya 4 na ya 30. Wewe muda wako ulishapita zamani. Hakuna kilichobaki mwilini kinachosubiri. Na kwa kaka, tarehe zenyewe zinakataa: shehena ya kwanza ya Janssen iliingia Tanzania mwishoni mwa Julai 2021, na Rais Samia alichanjwa hadharani tarehe 28. Kaka yako alikuwa ameshalipata bonge kabla ya hapo.

Lililobaki ndilo linalonishughulisha kuliko yote uliyoandika, nawe uliligusia kwa sentensi moja. Mtu aliyemaliza dawa na bado anahema akipanda ngazi asiambiwe ni uzee au unene mpaka apimwe. Wagonjwa wachache, kama 2 hadi 4 katika kila 100 waliopona bonge la mapafuni, hubaki na makovu ndani ya mishipa ya mapafu, presha ya upande huo inapanda, na moyo wa kulia unachoka taratibu. Inaweza kutibiwa, ila inatakiwa ionekane kwanza. Arudi hospitali ya rufaa na karatasi zake za 2021, aombe kipimo cha eko, yaani altrasaundi ya moyo, na amweleze daktari kwa maneno hayahaya: nilipata bonge mapafuni, nilitumia dawa miezi 3, bado nahema. Mpaka apimwe, akiwa safarini asimamishe lori kila baada ya saa mbili, ashuke, atembee, anywe maji. Na siku akiambiwa anafanyiwa upasuaji au analazwa kwa lolote, aseme mapema kwamba aliwahi kuganda damu, ili apewe dawa ya kuzuia kuganda kabla hajalala kitandani.